Watani walimcheka baba jeneza likiwa ndani



Baba yangu alifariki mwezi wa tatu. Alipata kiharusi, mguu mmoja ukapooza, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemuuguza: kumwogesha, kumlisha, kumpeleka kliniki kwa bajaji. Sisi ni Wanyamwezi wa Tabora, lakini watoto wote tumezaliwa Mbagala. Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado sebuleni, aliingia mama mmoja Mzaramo, jirani wa mtaa wa pili, amevaa koti la baba na kofia yake, ameshika fimbo yake, anaburuta mguu vilevile baba alivyokuwa akiuburuta. Akapita kwa wafiwa mmoja mmoja anadai chenji, akihesabu sarafu mara tatu kama baba alivyozoea kufanya dukani. Wakati wa kutoa jeneza, yeye na wenzake wakalala mlangoni, wakasema maiti haitoki mpaka walipwe deni lao la kahawa. Watu walicheka. Mama yangu mzazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilimvua yule mama koti mbele ya watu, nikamwambia hana adabu, nikamfukuza.

Tangu siku hiyo wazee wamenigeuka. Wanasema mtani hakasirikiwi, na wananitaka nikamwombe radhi kabla ya arobaini. Mama hasemi kitu, ila naona hana furaha na mimi. Juu ya hayo, mdogo wangu wa kiume, ambaye hutengeneza vichekesho na kuviweka mtandaoni, alirekodi tukio lote kwa simu akalirusha. Watu tusiowajua wanamcheka baba yetu. Nikimwambia afute, anasema vichekesho havina mipaka na kwamba nchi isiyojicheka imeshakufa. Juzi ameweka kingine, anawaigiza wagonjwa wa wodi ileile aliyolazwa baba.

Shangazi, nimekosea? Kuna faida gani kucheka mbele ya maiti? Na kama watani wana ruhusa, mdogo wangu anaikosa kwa lipi?

Mfiwa, Mbagala

*

Mwanangu, pole sana kwa msiba, na pole nyingine kwa kazi ya kumuuguza mzazi, ambayo watu huisahau siku ileile mgonjwa anapozikwa.

Kabla sijakujibu nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita. Yule mama Mzaramo alifika kwenu lini? Kwa ninavyoujua utani wa msibani, hakuja siku ya mazishi, na hakuja kuvaa koti. Alikuja usiku ule wa kwanza mkiwa bado mnapiga simu Tabora, akajifunga khanga kiunoni, akaingia jikoni. Mtani ndiye anayechota maji. Ndiye anayeinjika sufuria la wali wa watu wote waliojaa chini ya turubai, ndiye anayekwenda kuchimba kaburi, na sehemu nyingi ndiye anayesaidia kuosha maiti wakati watoto wa marehemu mikono inawatetemeka. Ninyi mlipata nafasi ya kukaa mkekani na kulia kwa sababu kuna mtu mwingine aliyeibeba shughuli. Mtu huyo ndiye aliyepewa ruhusa ya kuvaa koti la marehemu, na ruhusa hiyo aliilipia kwa jasho kabla hajaitumia.

Naomba ulishike hilo, kwa kuwa majibu yangu yote yanatoka hapo.

Utani wenu na Wazaramo haukuanzia Mbagala. Karne ya 19 babu zenu walikuwa wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu, wakitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe, pale ilipo Tabora ya leo, kupita Ugogo, kushuka Uzaramo mpaka pwani. Ilikuwa safari ya miezi, na ndui na njaa viliua watu njiani. Mpagazi akifia Uzaramo, ndugu zake wako mamia ya kilomita nyuma. Nani amzike? Wengi waliouchunguza utani wanaona mzizi wake mmojawapo uko hapo: wageni na wenyeji waliohitajiana kwa chakula, kwa malazi na kwa kaburi, bila mkataba na bila mahakama ya kuwaamua. Kilichowashikanisha ni dhihaka. Nakuita mtumwa wangu, nawe unaniita mtumwa wako; nachukua kuku wako bila kuomba, nawe unachukua jembe langu; na siku ukifa niko kaburini na koleo. Kwingine utani ulitoka vitani. Wangoni na Wahehe waliuana katika miaka ya 1870 na ya 1880, na leo wajukuu wao wanatukanana arusini huku wakicheka. Wachaga na Wapare ni majirani wa milima miwili, na utani wao unajulikana nchi nzima. R. E. Moreau, Mwingereza ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, aliacha ndege kwa muda katika miaka ya 1940 akaorodhesha makabila ya Tanganyika na watani wao. Orodha ni ndefu. Tukiwa na makabila zaidi ya 120, tumekaa pamoja kwa amani kwa sababu nyingi, na mimi naamini kabisa kwamba utani ni mojawapo na haupewi heshima inayostahili.

Sasa nije kwa mama yako, maana nadhani kicheko chake ndicho kilichokuchoma kuliko koti.

Wewe umemzika mgonjwa uliyemwogesha. Mama yako amemzika mtu aliyeishi naye kabla wewe hujazaliwa, mwanaume mwenye miguu miwili mizima aliyekwenda dukani na kuhesabu chenji mara tatu, na bila shaka wakagombana mara nyingi kwa sababu ya ubahili huo. Ugonjwa ulimficha mtu huyo. Kwa muda wote wa kiharusi nyumba yenu ilikuwa na mgonjwa, dawa, nguo za kufua na hofu. Halafu akaingia mtu sebuleni na kofia ile na sarafu zile, na kwa dakika chache mama yako akamwona mumewe. Wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini hauwezi kumfanyia hivyo. Wasifu humpa kila marehemu ukarimu na upole, hata aliyekuwa mkali na mchoyo, na mjane husikiliza sifa hizo asimtambue anayesemwa. Mtani peke yake ndiye aliyesema ukweli juu ya baba yako mbele ya jeneza lake, na akausema kwa namna ambayo mjane angeweza kuupokea. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Ningependa umuulize, siku mkiwa wawili, kama alikuwa amelia kabla ya hapo. Nimeona wajane wengi ambao machozi yao yalikataa mpaka watani walipoanza, na kicheko kikaja, na nyuma ya kicheko kikaja kilio chenyewe. Mwili uliokazwa na msiba hulegea kwa njia hiyo.

Mguu, hata hivyo, ni jambo lingine, na hapo sikulaumu kama wazee wanavyokulaumu.

Mguu ule ulikuwa kazi yako. Wewe ndiye uliyeuinua kuuweka kitandani, ukaukanda, ukauvalisha kiatu kwa ajili ya kliniki. Wengine waliona namna mtu alivyotembea. Wewe uliona usiku wako. Mama yule hakujua, au alijua akasahau. Mtani mwenye jicho zuri huwasoma wafiwa kabla ya kuanza. Humtafuta yule ambaye kicheko kitamsaidia, na humpita yule ambaye bado yuko mbali. Kuigiza ubahili kulikuwa sahihi kabisa, na mguu, mbele ya mtoto aliyeuguza, ningeuacha. Ndiyo maana nasema uliumia kwa haki. Lakini uliumia kwa haki ukajibu kwa njia isiyo ya haki, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo wazee wameshindwa kukueleza.

Desturi yenyewe imemwekea mfiwa njia ya kutokea. Unajua kwa nini wanalala mlangoni wakidai walipwe? Wapo wanaodhani ni njaa ya fedha. Zile shilingi mia tano au elfu mnazowapa ndiyo namna ya wafiwa kusema: basi, inatosha, tupisheni. Ukimpa mtani kitu, amefungwa na desturi yake kuondoka. Ungemwita pembeni ukampa hata shilingi mia mbili ukasema, "Huyu mzee mwenye fimbo nimemlipa, aende zake," angevua koti mwenyewe, na huenda angekukumbatia. Ulipomvua mbele ya watu ulimrudisha kuwa jirani wa kawaida aliyeingia nyumba ya watu na kuvaa nguo zisizo zake. Kazi yote ya jikoni ukaifuta kwa mkono mmoja. Hilo ndilo la kuomba radhi.

Nitaje kwa kifupi kwamba wapo masheikh na wachungaji wasiopenda mambo haya mbele ya maiti, na zipo familia ambazo huwaambia watani mapema kwamba mzaha uanze baada ya kuzika, au usiwepo kabisa. Hiyo ni haki yao, na watani wastaarabu husikia. Kwenu hakuna aliyesema, kwa hiyo mtani alifuata anachokijua.

Swali lako la pili umeliuliza juu ya maiti, lakini linafika mbali zaidi. Mauti ni kitu kimoja tu kati ya vingi ambavyo watu wanaviogopa kiasi cha kushindwa kuvitamka. Vipo vingine: mtawala, askari, tajiri, kiongozi wa dini anayekula sadaka. Tashtiti hufanya mbele ya hao kile mtani anachofanya mbele ya jeneza. Hukiweka wazi kitu ambacho kila mtu anakiona na hakuna anayethubutu kukisema. Na mimi naona jamii inayowanyima watu wake ruhusa hiyo inajidhuru, kwa sababu ukweli usiochekwa hadharani hugeuka kuwa chuki ya vichochoroni.

Waandishi wetu wamelijua hili tangu zamani. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza. Akaiweka nchi yake angani, akamsimamisha kijana Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, akaacha msomaji ajue mwenyewe nchi hiyo iko wapi. Kenya, Wahome Mutahi, aliyewachekesha watu kwa miaka mingi katika safu yake ya Whispers, alikamatwa mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, akatiwa jela. Alipotoka hakuacha. Aliandika riwaya, aliandika tamthilia zilizochezwa kwenye mabaa mbele ya watu wa kawaida wenye glasi mkononi, na akaendelea hivyo mpaka kifo chake mwaka 2003. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la Redykulass, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, walimwigiza Rais Moi kwenye televisheni, sauti yake na rungu lake, naye bado yuko Ikulu. Moi alitawala tangu 1978. Kulikuwa na watu wazima Kenya ambao hawakukumbuka rais mwingine, na ambao walifundishwa nyumbani wasilitaje jina lake kwa sauti. Kuona mtu anamwigiza, na wiki inayofuata anamwigiza tena, kulipunguza woga ambao hotuba nyingi za wapinzani hazikuwa zimeupunguza.

Na wapo waliolipa. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa mchoraji mkubwa wa katuni wa Daily Nation la Nairobi, alichora katuni juu ya Rais Kikwete, na muda mfupi baadaye, Januari 2015, gazeti la The EastAfrican lililoichapa likazuiwa kusambazwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya usajili. Mwaka uliofuata mkataba wake na Nation ukafika mwisho bila kuongezwa. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa hapa Dar es Salaam baada ya kuweka video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa na suti iliyompwaya. Unaweza kuipenda au usiipende kazi ya watu hawa. Lakini kila mmoja aliweka jina lake chini ya mzaha wake, akamlenga mtu aliyekuwa na uwezo mkubwa wa kumjibu, na jibu lilipokuja alikuwepo kulipokea.

Mdogo wako, akisema nchi isiyojicheka imekufa, anasema kweli, na usimbishie hapo. Mbishie mahali pengine, na hapa nitahitaji kukupeleka kwenye jambo gumu, kwa sababu yeye anasema vichekesho havina mipaka, na sisi wa Maziwa Makuu tumeshaona vichekesho visivyo na mipaka.

Redio RTLM ilianza kutangaza Kigali mwaka 1993. Wengi wanadhani ilikuwa redio ya hotuba kali tangu siku ya kwanza. Iliwavuta vijana kwa muziki mzuri na kwa mizaha, watangazaji wakizungumza kama marafiki walio kwenye baa, wakicheka, wakitaniana na wasikilizaji wanaopiga simu. Gazeti la Kangura nalo lilichapa katuni. Waliochekwa walikuwa Watutsi, walioitwa mende, na waliocheka nao walizoea, wiki kwa wiki, kusikia majirani zao wakiitwa wadudu na kuona kwamba hakuna ubaya, ni mzaha tu. Aprili 1994 mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipoanza, redio ileile, kwa sauti ileile ya ucheshi, ilikuwa ikielekeza wauaji. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa redio hiyo, na Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura. Kesi ile iliendeshwa nchini kwetu, na vijana wetu wengi hawajui hata kwamba ilikuwepo. Ningependa mdogo wako aisome.

Siilinganishi video yake na RTLM, na usimwambie kwamba nimeilinganisha. Nataka aone kilichokosekana kule. Kuna watu waliochekwa na hawakuwa na ruhusa ya kucheka nao. Mtutsi asingeweza kupiga simu redioni akamtania mtangazaji kama mtangazaji alivyomtania yeye. Katika utani wetu, yule Mzaramo akikuita mtumwa, una haki na hata wajibu wa kumwita yeye mtumwa kwa sauti kubwa zaidi, na kesho yake kumchotea maji. Wale wa Kigali hawakudaiwa maji na yeyote. Walicheka tu.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mdogo wako, usimuulize kama anachofanya kinachekesha. Vitu vibaya sana vinachekesha. Muulize ana deni gani kwa anayemcheka. Anawaigiza wagonjwa wa wodini: je, alishika beseni la mgonjwa yeyote? Wauguzi wana utani mzito kupita wa watani, nawajua, nimekaa nao. Baada ya usiku wa vifo viwili au vitatu wanasemeshana mambo ambayo ungeyasikia ungekimbia, na wasingeyasema wangevunjika kabla ya mwaka kuisha. Lakini wanayasema wao kwa wao, mlango umefungwa, na mikono yao ndiyo iliyowafunika macho hao waliokufa. Muuguzi huyohuyo akimwambia ndugu wa mgonjwa maneno hayo koridoni, amefanya ukatili, hata kama hakubadilisha neno moja. Kijana anayetunga kichekesho juu ya watu walioungua kwa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ajali iliyoua watu zaidi ya 100, anajiona jasiri kwa kuwa amegusa kitu cha kutisha. Maiti na wagonjwa hawamtishi mtu mitandaoni. Hakuna atakayemkamata kwa ajili yao. Ujasiri wa Mutahi na wa Gado haukuwa katika uchungu wa mzaha, ulikuwa katika ukubwa wa mtu waliyemwelekezea.

Na mdogo wako ana mtu wa kumwelekezea. Alikuwa anakuja wodini kumwona baba. Ameona muuguzi mmoja akihudumia vitanda chungu nzima. Huenda alitumwa na cheti kununua dawa duka la nje kwa sababu dirishani aliambiwa haipo, huenda aliombwa "ya soda" ili faili lisogee. Kama ana kipaji, na naamini anacho ikiwa watu wanamtazama hivyo, kichekesho kiko pale, dirishani na ofisini, wala si kitandani. Mwambie pia ajue sheria inavyosema, hasa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ili akiamua kuwacheka wakubwa aamue akiwa macho, na afanye hivyo kwa ukweli anaoweza kuuthibitisha. Simshauri aogope. Nataka ajue gharama kabla ya kununua.

Ile video ya msibani ina kosa la namna yake. Mama Mzaramo hakufanya kosa la kuigiza. Kosa ni kuuchukua mzaha kutoka sebuleni kwenu na kuupeleka kwa watu ambao hawakumzika baba yenu. Waliokuwa chini ya turubai walimjua marehemu, walikunywa kahawa yake na kula wali wake, walitoa rambirambi, na walipocheka walimcheka mtu wao. Anayeitazama kwa simu akiwa ndani ya daladala hamjui baba yenu wala ubahili wake wala chochote alichowahi kukifanya vizuri. Anaona mzee kiwete anaigizwa. Kilichokuwa heshima ya ajabu kimegeuka kuwa aibu kwa kuhamishwa tu mahali. Na yule mama naye amerushwa nchi nzima bila kuulizwa, analala mlangoni pa watu akidai fedha, na wasiojua utani wanamwona mwizi au mwendawazimu. Mdogo wako anadaiwa radhi na watu wawili, na mmoja wao ni mtani wenu.

Basi nendeni pamoja. Usiende peke yako, na usiende na wazee wale waliokusema, watageuza ziara kuwa kesi. Mchukue mdogo wako na shemeji yenu au mtu mwingine anayetaniwa vizuri. Beba doti ya khanga na kuku, au kama fedha ni ngumu beba sukari na sabuni. Cha muhimu usiende mikono mitupu, maana mtani aliyekasirikiwa anadai faini na faini ni sehemu ya mapatano. Mkifika atawatukana. Mwache atukane, na ukiweza mjibu. Usijieleze sana mlangoni. Mkishakaa, mwambie habari za mguu. Mweleze ulivyoukanda na jinsi ulivyolala chini kando ya kitanda. Sitashangaa akilia, kwa sababu watani wa kweli hulia wanapofika nyumbani kwao, baada ya msiba wa mtu kwisha. Na utakapoagana naye, muulize arobaini aje saa ngapi kuanza kupika, kwa maana bado ni kazi yake, na akikubali kuja ujue yamekwisha. Msiba ukitokea kwao, wewe ndiye utakayetangulia jikoni.

Kwa mama yako usipeleke radhi ndefu. Mwambie umekwenda. Kisha mwombe akusimulie ile habari ya chenji, tangu mwanzo, duka lilikuwa la nani na mwenye duka alisema nini.

Mdogo wako aiondoe video mtandaoni leo, na ile ya wodi aiondoe pia. Ila ya msibani asiifute kwenye simu kabla hajamuuliza mama. Huenda yeye anaitaka.